Nusu gramu iliyobaki mifukoni mwa watu

Juzi usiku, watoto walipolala, nilitandika khanga kuukuu juu ya meza ya jikoni, nikatoa mizani yangu ndogo inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, nikaweka juu yake robo dola ya mwaka 1854. Namba zilicheza kidogo, zikatulia kwenye 5.73. Robo hii ilipotoka kwenye kiwanda cha kuchapa sarafu cha Philadelphia ilitakiwa kuwa na gramu 6.22. Karibu nusu gramu ya fedha imeondoka, na hakuna aliyeikata wala kuichonga. Imelika. Imeachwa kidogo kidogo kwenye mifuko ya suruali, kwenye droo za wauza duka, kwenye viganja vya watu ambao wote wameshazikwa.

Nakusanya robo dola za fedha za Marekani za karne ya 19, na ninazozitafuta ni zile zilizolika. Wenzangu wengi wanatafuta sarafu iliyobaki kama ilivyotoka kwenye mashine, kila manyoya ya tai yakihesabika. Nawaelewa, na nikiishika sarafu ya namna hiyo naustahi ufundi wake. Lakini moyo wangu hautikisiki. Sarafu hiyo imelala kwenye kisanduku miaka mia na hamsini. Haijanunua mkate, haijalipa nauli, haijatolewa kanisani, haijafichwa kwenye soksi siku ya mshahara. Ninayoitaka mimi ni ile iliyotumwa ikaenda, ikarudi, ikatumwa tena. Kiswahili chetu kinayaita madini haya na pesa kwa neno moja, na kwangu hapo ndipo uzuri wake ulipo: fedha iliyowahi kuwa fedha kweli.

Ya kwanza nilipewa. Naishi nje kidogo ya Philadelphia mwaka wa kumi na nne huu, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, niliyekaa naye miaka mitatu mpaka siku yake ilipofika. Baada ya mazishi binti yake aliniita, akanikalisha sebuleni, akanikabidhi kibati cha vifungo kilichokuwa cha bibi yao. "Baba alisema hiki ni chako, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimshonea vifungo." Nilikifungua nikiwa ndani ya basi. Chini ya vifungo na sindano zilizoshika kutu kulikuwa na sarafu moja nyeusi, nyembamba, ya ukubwa ule ule wa robo ya siku hizi. Nikaifuta kwa kidole. Kulikuwa na mwanamke aliyekaa, mwaka 1854, na kila upande wa tarakimu hizo kijishale kidogo.

Hapo nikafanya kosa ninalolijutia mpaka leo. Kwetu Tanga, kila Idi ilipokaribia, Bibi alinikalisha uani na mafurungu yake ya fedha, tukayasugua kwa majivu, ndimu na makumbi ya nazi mpaka yang'ae kama mwezi. Fedha nyeusi kwa Bibi ilikuwa aibu ya nyumba. Kwa hiyo nami, kwa mapenzi na kwa heshima ya yule mzee, nilichukua ndimu na dawa ya meno na mswaki wa zamani, nikaisugua ile sarafu juu ya sinki kwa muda wa robo saa. Ikang'aa. Nikafurahi sana. Jumamosi yake nikaipeleka kwenye duka la sarafu nijue ni kitu gani.

Mwenye duka aliiweka chini ya taa, akavaa kioo chake cha kukuzia, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa upole, "Uliiosha lini?" Hakunisuta. Alitoa sarafu nyingine kwenye trei yake, ya mwaka ule ule na yenye mishale ile ile, akaziweka mbili pamoja akaniambia niangalie. Ile yake ilikuwa na weusi uliolala mabondeni, kwenye mikunjo ya nguo na katikati ya nyota, na sehemu zilizoinuka zilikuwa na rangi ya kijivu tulivu, kama anga la asubuhi wakati wa masika. Kwa tofauti hiyo ya rangi yule mwanamke alionekana vizuri, ijapokuwa uso wake ulikuwa umelika wote. Yangu ilikuwa na mng'ao mmoja kila mahali, na chini ya kioo ikajaa mikwaruzo ya mswaki ikizungukazunguka kama nyayo za kuku kwenye mchanga. Picha ilikuwa imepotea ndani ya ule mng'ao.

Akanieleza, nami nawaeleza. Weusi wa fedha si uchafu uliokuja kukaa juu yake. Ni fedha yenyewe, ile ya juu kabisa, iliyoungana na salfa ya hewani ikageuka ngozi nyembamba. Ukiuondoa weusi umeondoa na fedha iliyo ndani yake, na ukisugua umeongeza makovu. Furungu la mguuni ni pambo, kazi yake kung'aa, na sonara anaweza kulitengeneza upya. Sarafu haina sonara. Ukiirithi sarafu ya zamani, hata ikiwa nyeusi kama sufuria ya mkaa, iache. Usiikaribishe kwenye ndimu.

Kuanzia siku hiyo nilitaka kujua kila kitu, na nilianza na ile mishale, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi.

Mwaka 1848 dhahabu iligunduliwa California, na kwa miaka michache ikamiminika mpaka thamani ya fedha, ukiipima kwa dhahabu, ikapanda. Robo ya wakati huo ilikuwa na gramu 6.68, sehemu tisa kati ya kumi zikiwa fedha tupu. Ghafla fedha iliyomo ikawa na thamani kuliko ile senti ishirini na tano iliyoandikwa. Mwenye akili ya biashara alizikusanya kwa magunia, akaziyeyusha au akazipakia melini. Madukani chenji ikakauka. Fikiria soko ambalo kila mtu ana noti kubwa na hakuna wa kukurudishia chenji. Sisi tuliokulia dagaa za fungu tunalijua hilo kwa uchungu. Bunge la Marekani likapitisha sheria tarehe 21 Februari 1853: nusu dola, robo na sarafu ndogo zipunguzwe uzito kwa takriban asilimia saba, ili kuziyeyusha kusiwe na faida tena. Robo ikashuka hadi gramu 6.22.

Sasa, watu watazitofautishaje mpya na za zamani? Kiwanda kikaweka alama. Upande wa mbele, mishale miwili ubavuni mwa mwaka. Upande wa nyuma, miale kama ya jua ikizunguka tai. Miale ilidumu mwaka mmoja tu, 1853, halafu ikaondolewa. Mishale iliendelea hadi 1855. Philadelphia peke yake ilichapa zaidi ya milioni 15 mwaka ule wa 1853, watu walikuwa na njaa ya chenji kiasi hicho. Ndiyo maana robo yenye miale na mishale si ngumu kuipata hata leo. Nashauri anayeanza aanze nayo: ni sarafu iliyobeba tatizo la nchi nzima usoni na mgongoni, na iliyolika haitakufilisi.

Chenji ile haikudumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 watu walificha kila kilichokuwa na madini, na kufikia majira ya joto ya 1862 fedha ilikuwa imetoweka mitaani. Watu wakalipana kwa stempu za posta, kisha serikali ikachapa vinoti vidogo vya senti, pamoja na cha senti ishirini na tano. Sarafu za fedha zilirudi mikononi mwa watu miaka ya 1870, na zikarudi kwa fujo: mwaka 1876 Philadelphia ilichapa robo zaidi ya milioni 17. Kwa hiyo robo yangu ya 1854 ilifanya kazi miaka minane, ikalala pengine zaidi ya kumi ndani ya mtungi au godoro la mtu, ikaamka tena. Ninapoishika nawaza ule usingizi wake pia.

Nitoke njiani kidogo. Mpaka leo baadhi ya Wamarekani wazee wakitaja robo dola husema "biti mbili". Neno hilo linatoka kwenye dola ya Kihispania, iliyokuwa na reali nane, na kila reali waliiita biti. Biti mbili ni robo. Fedha ya Kihispania ilikuwa malipo halali Marekani mpaka mwaka 1857, na ilizoeleka kuliko sarafu yao wenyewe. Dola hiyo hiyo, ile yenye nguzo mbili, ilifika na kwetu. Watu wa pwani waliziona zile nguzo kama mizinga wakaiita riale ya mzinga. Sasa mkumbuke Bibi. Mpaka anafariki, senti hamsini kwake ilikuwa sumuni. "Kanichukulie chumvi ya sumuni." Nililitumia neno hilo utotoni mwote bila kujiuliza, mpaka nilipokuwa nasoma habari za biti ndipo likanijia kama kofi: sumuni ni thumni, Kiarabu, sehemu ya nane. Riale ikihesabiwa shilingi nne, sehemu yake ya nane ni senti hamsini. Sumuni mbili ni robo ya riale, kama vile biti mbili ni robo ya dola. Bibi wa Tanga na muuza duka wa Philadelphia walikuwa wakigawa fedha kwa hesabu moja, na Bibi hakuwahi kuona dola ya Marekani hata kwenye picha. Usiku ule sikulala upesi.

Turudi kwenye kulika. Sarafu hailiki ovyo. Kila mchoro una sehemu zake zilizoinuka, na hizo ndizo hugusana na meza, na kitambaa, na sarafu nyingine. Mwanamke wa robo za 1838 hadi 1891 alichongwa na Christian Gobrecht. Amekaa juu ya mwamba, mkono wa kulia umeegemea ngao, wa kushoto umeshika fimbo yenye kofia ya uhuru juu yake, na amezungukwa na nyota kumi na tatu. Kinachoondoka kwanza ni goti na paja, kisha kifua, kisha kichwa. Juu ya ngao kuna utepe ulioandikwa neno la uhuru kwa herufi ndogo sana, LIBERTY, na herufi hizo hufifia moja baada ya nyingine. Mwishoni anabaki kivuli cha mtu aliyekaa, lakini mwaka, ulioko chini karibu na ukingo, bado unasomeka. Nyuma, tai anapoteza shingo na ncha za mabawa, na maandishi ya QUAR. DOL. chini yake huchelewa kufa.

Robo iliyofuata, ya kuanzia 1892, ilichongwa na Charles Barber, Mwingereza aliyezaliwa London akawa mchongaji mkuu wa kiwanda baada ya baba yake. Serikali ilifanya mashindano ya michoro mwaka 1891 na hakuna kilichopatikana cha kutumia. Barber mwenyewe alikuwa miongoni mwa waamuzi. Akaishia kupewa kazi yeye. Wapo wanaosema kichwa alichokichora ni kizito na hakina uhai. Mimi nakipenda, na nakipenda zaidi kikilika, kwa kuwa mistari yake minene inavumilia. Kwenye kofia, juu ya paji la uso, kuna utepe wenye neno lile lile la uhuru, na wafanyabiashara huutumia kupanga daraja. Herufi tatu zikisomeka, sarafu inapewa VG (kifupi cha Very Good). Zote saba zikisomeka ingawa hafifu, ni F (Fine), daraja la juu yake. Ninayo ya 1898 ambayo imebaki na L na Y tu, mwanzo na mwisho, katikati pamelainika kama kiganja cha mwanafunzi wa chuo kinavyolainisha ubao. Hiyo siibadilishi na ya F.

Kusoma huku kwa ulikaji ndiko kulikoniokoa pesa yangu, ingawa si mara ya kwanza.

Mara ya kwanza niliumia. Kuna robo zilizochapwa Carson City, Nevada, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1870 karibu na machimbo makubwa ya fedha. Alama yake ni herufi mbili ndogo, CC, chini ya tai. Za miaka ya mwanzo ni chache na bei yake inaumiza. Mimi kwa tamaa ya kuwa nayo hata moja, nikaiona ya 1872 mtandaoni kwa dola mia na hamsini. Unafuu wa bei hiyo pekee ungetosha kunizuia. Sikuzuilika. Ilipofika nikaipima: gramu 5.1. Sumaku haikuishika, kwa hiyo nikajipa matumaini, labda imelika sana. Nikachukua kikombe cha maji, nikakiweka juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikaifunga sarafu kwa uzi na kuizamisha ikining'inia bila kugusa chini. Kipimo hiki ni rahisi na hakidanganyi. Maji yanayosukumwa na sarafu yanaonekana kwenye mizani kama uzito. Ukigawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo unapata uzito wa madini yenyewe kwa kila sentimita ya ujazo. Fedha ya sarafu hizi hutoa kama 10.3. Yangu ilitoa 8.8. Ilikuwa madini ya bei rahisi yaliyopakwa rangi ya fedha.

Nilikaa nayo jioni nzima chini ya kioo, na hapo nikaona kitu ambacho ningekiona tangu kwenye picha kama ningetulia. Goti la yule mwanamke lilikuwa limefifia sawa na mwamba alioukalia. Nyota zilizojificha karibu na ukingo zilikuwa zimefifia sawa na kifua. Hakuna mfuko wa suruali unaofanya kazi namna hiyo. Mwenye kughushi alikuwa ameiga sarafu iliyolika kwa kuchukua umbo lake zima, na umbo likafifia lote kwa pamoja. Ulikaji wa kweli una mpangilio wake: kilichoinuka kinaondoka, kilichoinama kinabaki. Vidole vya maelfu ya watu kwa miaka arobaini ni vigumu kuviiga. Tangu siku hiyo, kabla sijaangalia mwaka wala herufi, naangalia goti.

Kuhusu zile nisizotarajia kuzishika, nitasema machache. Ya kwanza kabisa, ya 1796, zilichapwa 6,146 tu, na haikuandikwa popote kwamba thamani yake ni robo dola. Ulitakiwa kujua kwa ukubwa wake. Ya Carson City ya 1873 isiyo na mishale (mishale ilirudi mwaka huo, uzito ulipobadilishwa tena): walichapa 4,000, zinazojulikana leo ni tano. Ya San Francisco ya 1901, yenye herufi S, imeshavuka kidogo karne ya 19, lakini kila mkusanyaji wa Barber anaitaja kwa kuhema, maana zilikuwa 72,664 na hata iliyolika kabisa huuzwa kwa maelfu ya dola. Nina kitabu cha kadibodi chenye matundu ya kila mwaka, na tundu la 1901-S nimelikubali kuwa tundu.

Linaloniumiza zaidi ni jambo jingine. Mwaka 1979 ndugu wa ukoo wa Hunt, matajiri wa mafuta wa Texas, walikuwa wakinunua fedha kwa kiasi cha kutisha, na bei ikapanda kutoka kama dola sita kwa wakia mwanzoni mwa mwaka huo hadi karibu dola hamsini Januari 1980. Watu walipanga foleni na vijiko vya harusi zao, vinara, na sarafu za babu zao. Ni sarafu zipi zilizoingia kwenye tanuru? Si zile zinazong'aa. Hizo zilikuwa na wenyewe. Ziliingia zilizolika, zilizohesabiwa kuwa takataka, zinazouzwa kwa uzito. Robo za Barber zilizofanya kazi tangu siku za magari ya farasi ziliyeyuka kwa ndoo. Bei ikaanguka miezi michache baadaye. Mwenye duka niliyemtaja alikuwa kijana siku hizo, na aliniambia kwamba bado anaisikia ile sauti ya sarafu zikimwagwa kwenye pipa la chuma.

Najua mtu atanikumbusha mafurungu ya Bibi. Ni kweli, masonara wa pwani waliyeyusha riale za Sham, zile dola za fedha za Maria Theresa, na Bibi mwenyewe aliambiwa na mama yake kwamba yake yalitoka kwenye riale kumi na mbili za mahari. Lakini fedha ile iliingia motoni kwa jina la mtu na ikatoka kwa jina la mtu. Ilivaliwa siku ya harusi, ikawekwa rehani mwaka wa njaa, ikakombolewa. Siwezi kuyaweka pamoja na lile pipa.

Hapa kabatini nina kipande kinachonisaidia kulifikiria jambo hilo. Ni robo ya 1877. Mbele iko kama kawaida, mwanamke amekaa, goti limelika, nyota zote zipo. Juu, karibu na ukingo, pametobolewa tundu dogo. Ukiigeuza, tai hayupo. Mtu aliukwangua upande wote wa nyuma ukawa laini kama kioo, halafu fundi akachora herufi tatu zilizosokotana, M, E na S, zikiwa na majani madogo yanayotoka kwenye mikia yake. Desturi hiyo ilienea sana Marekani miaka ya 1870 na 1880. Kijana alimpelekea sonara sarafu, akaandikiwa jina la mchumba, msichana akaivaa kwenye mkufu au bangili. Nyingi zilifanywa kwa senti kumi, kwa kuwa ni ndogo na nafuu. Aliyetoa robo nzima, pesa ambayo ingeweza kununua chakula cha kutosha, alikuwa anasema jambo. Tundu lake limelika upande mmoja, juu kushoto, pale mkufu ulipokuwa ukivuta. Wakusanyaji wengi huiita sarafu iliyoharibiwa. Mimi niliinunua kwa dola thelathini na sitaiuza.

Wanaotaka kuanza huniuliza nazihifadhi vipi. Kila moja naiweka peke yake kwenye kijikaratasi kigumu chenye dirisha la plastiki ngumu. Zile bahasha za plastiki laini zinazonukia kama pazia jipya la bafuni nimezitupa zote, kwa sababu baada ya miaka hutoa utelezi wa kijani unaokula uso wa fedha. Nazishika kwenye ukingo, pale penye meno, kwa mikono mikavu. Na nanunua pole pole. Robo ya Barber ya mwaka wa kawaida, iliyolika, bei yake hutembea karibu na bei ya fedha iliyomo, ambayo ni kama gramu tano na nusu ikiwa haijapoteza sana. Mwezi nikiwa na shifti za ziada napata moja. Mwezi mwingine sipati kitu, nabaki kuzipima zilezile.

Siku zangu za mapumziko huwa naenda mjini, nashukia karibu na jumba la jiji, natembea hadi kona ya barabara za Chestnut na Juniper. Kiwanda cha pili cha Philadelphia kilisimama hapo tangu 1833 hadi 1901, kikiwa na nguzo mbele kama hekalu. Hapo ndipo robo zangu nyingi zilipozaliwa. Zile zisizo na herufi yoyote chini ya tai ni za hapo. Jengo lilibomolewa zamani. Nasimama dakika chache kando ya njia ya watu, nikiwa na ile ya 1854 mfukoni. Hiyo ndiyo pekee ninayotembea nayo.

Nimejaribu kupiga hesabu ile nusu gramu iliondokaje, na kuna sehemu yake ambayo haikubaki mifukoni mwa watu wale. Ilikwenda na maji ya sinki langu, pamoja na ndimu na dawa ya meno. Ni kidogo sana, mizani yangu isingeweza hata kukiona, lakini najua kipo. Kwa miaka saba tangu siku ile sijaigusa kwa chochote isipokuwa vidole. Mwaka huu, chini ya kioo, nimeona rangi imeanza kurudi. Ni kivuli chembamba cha kahawia, ndani ya mikunjo ya nguo, chini ya ule mkono ulioegemea ngao.